PUNDA ACHECHEMEAYE MGUU WA NYUMA: NAMNA YA KUITAFUTA SABABU

Maelezo haya yameandikwa kwa wakulima wa pwani ya Mtwara na wa bonde la mto Ruvuma walio na punda, hata kama ni mmoja tu. Katika sehemu hizi punda si wengi kama walivyo katika Dodoma, Manyara au Arusha. Kwa sababu hiyo mwenye punda hapati kwa urahisi jirani mzoefu wa kumwuliza. Mnyama akianza kuchechemea, kila apitaye njia hutoa shauri lake: huyu asema nyonga imeteguka, yule asema ni mshipa, na wa tatu ataka achomwe moto. Huku wakibishana, punda huendelea kupanda njia ya maji akiwa na madumu mgongoni, na jeraha ambalo lingepona kwa siku kumi huwa la miezi sita.

Neno kubwa la maelezo haya ni hili: usitibu mguu kabla hujajua mahali panapouma. Na utafutaji wako uanze chini, katika ukwato, kisha upande juu kwa utaratibu. Watu wengi huanza nyongani kwa kuwa ndipo mwendo mbaya unapoonekana. Lakini mahali panapoonekana si lazima pawe ndipo panapouma.

Yasemwayo hapa juu ya punda yafaa pia kwa farasi na baghala, maana miguu yao imeumbwa kwa namna moja.

1. FUNZO LA ZAMANI KUTOKA MIKINDANI

Katika mwezi wa Machi, 1866, Dkt. David Livingstone alishuka Mikindani pamoja na wanyama aliowaleta kwa merikebu: ngamia 6, nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi 3 na ndama wao 1, baghala 2, na punda 4. Alikuwa ametaka kuwashusha katika mlango wa mto Ruvuma, lakini mikoko ilimzuia. Kusudi lake lilikuwa kujua kama wanyama hao wangeweza kuwastahimili mbung'o wa bara. Mwezi wa Aprili msafara ulitoka pwani ukashika bonde la Ruvuma. Wanyama walidhoofika njiani, na wengi wao walikufa kabla ya msafara kufika Ziwa Nyasa mwezi wa Agosti.

Je, waliuawa na mbung'o? Livingstone aliandika katika shajara yake ya kuwa askari waliopewa kazi ya kuwachunga waliwatwika mizigo kupita kiasi, tena wakawapiga hata wakapata majeraha. Wanyama waliumwa na mbung'o, wakalemewa, wakapigwa, yote kwa siku zile zile. Hapakuwa na njia ya kuitenga sababu moja na nyingine, na jaribio lile likaharibika. Mwaka 1895 David Bruce, katika nchi ya Wazulu huko Afrika ya Kusini, ndiye aliyeonyesha ya kuwa mbung'o huchukua vijidudu vya damu vinavyoleta ugonjwa wa ndorobo, uitwao pia nagana.

Mkulima achukue funzo hilo. Ukimkanda punda kwa mafuta, ukampiga sindano, ukambadilishia mzigo na kumkata kwato, yote katika siku moja, hutajua kilichomponya wala kilichomzidishia maumivu. Badili jambo moja, ungoje, utazame. Ndipo ubadili la pili.

2. KWANZA JUA KAMA NI MAUMIVU AU NI UDHAIFU

Punda mwenye maumivu katika mguu mmoja huuonea mguu ule huruma: huukanyaga kwa muda mfupi, huupumzisha asimamapo, au hushusha ncha ya ukwato tu chini. Punda aliye dhaifu kwa ugonjwa wa mwili ni mwingine. Huyo huyumba nyuma kwa miguu yote miwili, huvuka miguu kama mlevi, huburuta ncha za kwato, wala hapendelei mguu mmoja kuliko mwingine.

Katika nchi yenye mbung'o yafaa kulifikiri jambo hili mapema. Punda mwenye ugonjwa wa ndorobo hupata homa ya vipindi, hukonda ingawa anakula, ufizi wake hupauka, na pengine miguu na tumbo huvimba. Ugonjwa ukifika katika ubongo na uti wa mgongo, miguu ya nyuma hulegea. Dalili hizi zikionekana, usipoteze muda kutazama kwato; mwite afisa mifugo achukue damu na kuipima. Wala usimpe punda dawa ya ndorobo iliyobaki kwa ng'ombe. Kipimo kinachomfaa ng'ombe chaweza kumdhuru punda vibaya.

Mtazame pia kama ana dalili za pepopunda, ugonjwa ambao jina lake lenyewe lamtaja mnyama huyu. Hutembea kwa kukakamaa miguu yote, mkia huinuka, masikio husimama wima, ngozi nyembamba hufunika pembe ya jicho, na taya hukaza asiweze kula. Hilo ni jambo la saa ile ile, si la kungojea kesho.

3. NI MGUU UPI?

Swali hili laonekana jepesi, lakini wengi hulikosea. Punda ni mvumilivu mno. Haonyeshi maumivu kama farasi aonyeshavyo. Punda akichechemea kidogo tu, huenda maumivu yake ni makubwa.

Chagua mahali pagumu na tambarare. Mchanga wa pwani haufai kwa kazi hii, maana kila mnyama hutembea vibaya juu yake. Paka chokaa au majivu kidogo juu ya mfupa wa nyonga wa kila upande, uwe na alama mbili za kuzitazama. Mtu mmoja amwongoze punda kwa kamba iliyolegea, kwanza mwendo wa kawaida, kisha mbio ndogo. Wewe simama nyuma yake, mbali kiasi cha hatua kumi.

Alama mbili zikipanda na kushuka sawasawa, mnyama ni mzima au anaumwa pande zote mbili. Alama moja ikipanda na kushuka zaidi ya mwenzake, mguu wa upande huo ndio wenye shaka. Kisha fumba macho usikilize: mguu unaouma hukanyaga kwa sauti ndogo. Mwisho tazama nyayo ardhini na ncha ya kila ukwato. Mguu usioinuliwa vizuri huacha mchirizi, na ncha ya ukwato wake hulika.

Jihadhari na kosa moja. Katika mbio ndogo, punda aumwaye sana mguu wa nyuma huinamisha kichwa wakati mguu huo unapokanyaga. Atazamaye kichwa peke yake atadhani mguu wa mbele wa upande ule ule ndio mgonjwa. Basi tazama kichwa na nyonga pamoja.

4. ANZA NA UKWATO

Hata kama una hakika ya kuwa shida iko juu, usipande kabla hujaumaliza ukwato. Simama karibu na ubavu wa mnyama, si nyuma yake, uuinue mguu polepole. Ng'oa tope na mavi yote kwa kijiti butu, uoshe kwa maji, kisha utazame mambo haya.

Msumari, mwiba au mfupa wa samaki. Katika vijiji vya pwani kama Msimbati na Mikindani punda hupita juu ya matumbawe, makome yaliyovunjika, na misumari ya vyombo vya baharini. Ukikuta kitu kimesimama katika unyayo, kumbuka mahali kilipoingia, urefu wake na upande kilikoelekea. Ikiwa mtaalamu yu karibu, mzuie punda asikanyage na umwache kitu hicho akione kabla hakijatolewa. Ikiwa yu mbali, kitoe kwa kukivuta moja kwa moja, uoshe, ufunge kwa kitambaa safi, uweke alama pahali pale. Tundu la katikati ya unyayo, au katika ile nyama ngumu ya pembetatu, ni la hatari kuliko yote, maana chini yake kuna kiungo na kano. Usilihesabu kuwa dogo kwa kuwa mdomo wake ni mdogo.

Usaha ndani ya ukwato. Hii ni sababu ya mara nyingi sana ya punda kuchechemea ghafula. Jana alikuwa mzima, leo hataki kukanyaga hata watu hudhani amevunjika mfupa. Ukwato huwa wa moto kuliko mwenzake, na mshipa wa damu ulio ubavuni mwa kifundo cha chini hupiga kwa nguvu. Ukibonyeza unyayo pole pole kwa koleo, atavuta mguu mahali pamoja tu. Dawa yake ni kutoa usaha, na kazi hiyo yafaa ifanywe na mtu aliyefundishwa, kwa kisu cha kwato. Baadaye mguu utiwe katika maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ukaushwe, ufungwe usiingie uchafu. Usaha usipopata njia chini hupanda ndani ya ukuta wa ukwato na kutokea juu, pale nywele zinapoanza. Punda aliyechechemea majuma mawili au matatu, akapata nafuu, kisha akachechemea tena, achunguzwe hapo kwa makini. Huenda usaha haukutoka wote.

Uozo wa unyevu. Katika bonde la Ruvuma, pande za Kitaya na Mahurunga, mvua za Desemba hata Aprili hugeuza njia kuwa tope. Ukwato ukaao katika tope na mavi hulainika, hunuka, na hutoa uji mweusi pembeni mwa ile pembetatu. Pengine ukuta wa ukwato huachana na unyayo, ukabaki na pengo lenye unga unga. Dawa ya kwanza ni mahali pakavu pa kulala. Kwinua sakafu ya banda na kuondoa mavi kila siku huponya zaidi kuliko chupa ya dawa katika banda chafu.

Ukwato mrefu. Punda wa njia za mchanga hazisugui kwato zake zikapungua, basi hurefuka mbele na kumfanya aegemee kisigino, na kano za nyuma huvutwa kila hatua. Kwato zikatwe kila baada ya majuma 6 hata 10. Ukwato wa punda kwa asili umesimama wima kuliko wa farasi. Mkataji asiulazimishe kulala ili ufanane na ule wa farasi. Na ukwato uliorefuka kwa miezi mingi usikatwe wote siku moja, bali kidogo kidogo.

5. KISHA PANDA JUU

Ukwato ukiwa mzima, panda kwa mkono wako, ukilinganisha kila mahali na mguu wa pili. Tafuta joto, uvimbe, jeraha, na mahali anapojikunja ukimgusa.

Penye kifundo cha chini, tenganisha nywele uangalie pande zote. Kamba ya kufungia hukata ngozi, na uzi mwembamba waweza kuzama katika nyama na kufunikwa na uvimbe, mwenyewe asiuone kwa siku nyingi. Hii ni sababu ya kusikitisha, maana dawa yake ni kisu kidogo na dakika chache. Punda afungwe kwa hatamu ya kichwa, asifungwe mguu.

Nyuma ya mfupa mwembamba, kati ya kifundo na kiungo cha juu yake, zimo kano. Zipitishe katikati ya vidole. Kano nzima ni ngumu na laini kama kamba iliyokazwa. Kano iliyoumia ni nene, ina joto, na punda huvuta mguu uigusapo. Huhitaji maji baridi siku za kwanza na mapumziko ya miezi, si ya siku.

Yafaa sasa kujua maumbile ya mguu wa nyuma. Kile kiungo kikubwa kilichochongoka nyuma, ambacho wengi hukiita goti, hasa ni kisigino. Goti lenyewe li juu, karibu na tumbo, nalo lina pia yake kama goti la mtu.

Kisigino huchakaa kwa punda waliotwikwa mapema au waliofanya kazi miaka mingi. Ugonjwa huu huja polepole. Asubuhi mnyama ni mkavu, akitembea kidogo hupata nafuu, jioni baada ya kazi huzidi. Ncha ya ukwato hulika, na pengine uvimbe mgumu kama mfupa hutokea upande wa ndani, chini ya kisigino. Haurudi kuwa kama zamani. Lakini kwa kazi nyepesi, kwato zilizokatwa vema na dawa za daktari, wengi huishi bila taabu kubwa.

Goti lina shida yake iliyo rahisi kutambulika. Pia hukwama juu ya mfupa, na mguu hunyooka nyuma kama gogo, usikunjike. Mara huachia kwa mshtuko, na punda huenda kama hana neno. Ukimkuta amekwama, msukume taratibu arudi nyuma; mara nyingi pia huachia. Punda aliyekonda au aliyefungiwa kwa muda mrefu hupatwa zaidi, kwa sababu nyama za paja zimelegea. Malisho mema na mwendo wa kila siku humsaidia. Ikiwa hukwama kila mara, daktari wa wanyama ataamua.

Kuna jaribio moja la viungo. Ushike mguu umekunjwa kwa muda wa dakika moja, uuachie, na papo hapo punda akimbizwe mbio ndogo. Akichechemea zaidi kuliko kwanza, kiungo chatiliwa shaka. Fanya vivyo hivyo kwa mguu mzima ili ulinganishe. Lakini jua mpaka wa jaribio hili: kwa maumbile ya mnyama huyu goti na kisigino hukunjwa pamoja, wala hakuna awezaye kukunja kimoja na kukiacha kingine. Jaribio lasema kiungo kinauma. Halisemi ni kipi. Daktari hutenga kwa dawa ya ganzi, akifisha sehemu moja baada ya nyingine toka chini, mpaka mnyama atembee sawa.

Mwisho fika nyongani na matakoni. Tazama alama za fimbo, uvimbe penye sindano ya zamani, na kama mifupa ya nyonga imelingana. Nyama za tako la mguu mgonjwa hupungua kwa kutotumika. Kupungua huko ni matokeo ya ugonjwa wa siku nyingi, wala hakuonyeshi ya kuwa sababu iko hapo.

6. MAMBO YASIYOFAA

Usimchome punda kwa chuma cha moto wala kumchanja. Maumivu mapya huyafunika ya zamani, na kidonda ni mlango wa pepopunda. Usivute mguu kwa nguvu ukidhani unarudisha nyonga. Usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu, wala usimfiche ugonjwa kwa sindano ili afanye kazi ya siku moja. Asiyesikia maumivu hukanyaga kwa nguvu penye jeraha.

Usimrudishe kazini siku ile ile anapoacha kuchechemea. Aanze bila mzigo, kisha nusu ya mzigo. Madumu mawili ya lita 20 ni kilo 40, na kwa punda wa kimo cha kawaida aliye mzima hilo ni shehena ya kutosha. Gunia zima la korosho ni zito mno kwake. Mzigo ulingane pande zote mbili, maana mzigo wa upande mmoja humfanya aelemee mguu mmoja kila hatua.

7. DAFTARI NA MTAALAMU

Mwenye daftari aandike: tarehe alipoanza kuchechemea, kama ilikuwa ghafula au polepole, mguu upi, njia aliyopita na mzigo aliochukua siku hiyo, tarehe ya mwisho ya kukatwa kwato, alichofanyiwa, na siku ngapi baadaye hali ilibadilika. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake wa shule. Afisa mifugo aliyetoka mbali akipewa habari hizi ameokoa nusu ya kazi.

Mwite pasipo kungoja punda akikataa kabisa kukanyaga, akiwa na tundu katika unyayo, kidonda karibu na kiungo, homa, au mguu uliopinda isivyo kawaida. Kwa mengine, mpumzishe siku tatu baada ya kuusafisha ukwato; ikiwa hakuna nafuu, mwite. Uliza pia habari ya chanjo ya pepopunda.

Pengine jibu litakuwa ya kuwa mguu hautapona. Yafaa kulisikia neno hilo mapema kuliko kuchelewa. Punda mwenye kisigino kibovu aweza bado kuchukua dumu moja moja au kulea mtoto wake. Aliyevunjika mfupa mkubwa, daktari ampumzishe pasipo mateso. Lakini kumpeleka mnadani mnyama unayejua ni mgonjwa, ukimwuza kama mzima, ni kumtwika mkulima mwenzio hasara yako, na kumwongezea punda safari juu ya mguu unaouma.

MAMBO YA KUKUMBUKA

(a) Tenga maumivu na udhaifu. Penye mbung'o, damu ipimwe.
(b) Jua ni mguu upi, ukimtazama kutoka nyuma penye ardhi ngumu.
(c) Anza na ukwato, umalize ukwato, ndipo upande.
(d) Tafuta kamba na uzi penye kifundo.
(e) Badili jambo moja kwa wakati mmoja, uandike.
(f) Mahali pakavu pa kulala, kwato zilizokatwa kwa wakati, na mzigo wa kiasi huzuia mengi ya haya yasitokee.